Saa Zisizo na Mwenyewe: Kisa cha Nyumba Moja ya Mikanjuni

Mama ni muuguzi katika hospitali ya binafsi mjini Tanga. Baba yuko bandarini, anahesabu mizigo meli inaposhushwa, na mwajiri wake humpa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Wana watoto wawili: binti wa miaka mitatu na nusu, na mdogo wake wa kiume aliyekuwa na miezi saba wakati wa tukio ninalolichambua hapa. Wamepanga vyumba viwili na sebule Mikanjuni. Mama mzazi wa baba anaishi Muheza, ana shamba lake na michungwa yake. Wote wamekubali kisa chao kiandikwe bila majina, na vitu vichache visivyogusa hoja nimevibadili.

Bibi ndiye aliyenishirikisha. Alitaka nimsaidie kumshawishi mkamwana wake aache kazi. Baba alitaka nimsaidie kupata dada wa kazi "atakayetulia", maana watatu walikuwa wameshaondoka ndani ya mwaka mmoja. Mama, nilipomuuliza anataka nini, alinijibu kwamba anataka kulala. Nimeandika kisa hiki kwa sababu ninakutana na sura yake katika nyumba nyingi za Tanga ambazo wazazi wote wawili wanatoka kwenda kazini, na kwa sababu naamini tunautafuta ugonjwa mahali ambapo haupo.

Usiku na asubuhi ya tukio

Ilikuwa Februari, joto limekolea. Saa 6 mchana dada wa kazi alipigiwa simu kutoka kwao Lushoto kwamba mama yake anaumwa. Alifunga mzigo, akapanda bajaji hadi stendi ya Kange, akaondoka. Mama alikuwa na zamu ya usiku siku hiyo, kuanzia saa 3:30 usiku hadi saa 1:30 asubuhi, na mchana ule ndio aliokuwa ameutenga kwa ajili ya kulala. Hakulala. Alimpigia bibi, simu haikupatikana kwa kuwa bibi alikuwa shambani. Alimpigia wifi yake, akampigia mwenzake wa kazini amwombe wabadilishane zamu. Jioni baba aliporudi walikubaliana yeye abaki na watoto usiku.

Saa 2 usiku mama alikamua maziwa, akayatia kwenye chupa, akaiweka chupa kwenye friji, akaenda kazini. Usiku wa manane LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ikaisha. Baba alisikia feni imezima, akafungua madirisha, akarudi kulala. Friji haikumjia akilini. Saa 10:30 alfajiri simu ikaita: meli imefunga gatini, kazi inaanza saa 12, asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Kwa mtu wa mkataba wa miezi mitatu kauli hiyo haina mjadala. Aligonga kwa jirani, akamwomba akae na watoto mpaka mama yao arudi saa 2.

Jirani alikubali kwa moyo mweupe. Lakini jirani huyo anauza chai na chapati karibu na soko la Mgandini, na wateja wake ni watu wa asubuhi. Ilipofika saa 1 na robo akalazimika kutoka. Akamwachia watoto bintiye wa miaka 12, ambaye alikuwa ameshavaa sare za shule. Hospitalini nako muuguzi wa kupokea zamu alichelewa, na muuguzi haondoki wodini bila kumkabidhi mtu wagonjwa. Mama alifika nyumbani saa 4 kasoro.

Kabla hajafika, mtoto alilia njaa na yule binti akampa maziwa yaliyokuwa kwenye chupa. Yalikuwa na saa 13 tangu yakamuliwe, na muda mrefu kati ya hizo friji haikuwa na umeme. Jioni akaanza kuharisha. Usiku wa pili alikuwa amelegea, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Wakakimbia naye hospitali, akalazwa. Alipewa maji ya ORS na zinki, miligramu 20 kwa siku, dawa ambayo iliendelea nyumbani hata baada ya kuruhusiwa. Alipona vizuri.

Hakuna daktari anayeweza kuapa kwamba ni maziwa yale. Mtoto wa miezi saba anatambaa, na kila anachookota kinaishia mdomoni. Lakini mama yake alikuwa ameshajihukumu. Yeye mwenyewe huwafundisha wazazi wengine wodini kwamba maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa nne, na kwa joto la Tanga hata hizo nne ni nyingi. Huwafundisha kumnywesha mtoto kwa kikombe, kwa sababu kikombe kinaoshwa kirahisi na chupa ina kona zinazoficha vijidudu. Kuyajua yote hayo kulimuumiza zaidi.

Tulichokiona kwenye karatasi

Nilipoitwa, nyumba ilikuwa imegawanyika. Bibi alisema, "Mwanangu, sisi tulilea wanane na hakuna hata mmoja aliyelala hospitali." Baba alimlaumu dada aliyeondoka bila taarifa. Mama hakumlaumu mtu, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko maneno ya wengine. Nitalirudia.

Niliwaomba jambo moja. Tulichukua karatasi kubwa ya kalenda ya mwaka uliopita, tukaigeuza nyuma, tukachora wiki nzima, saa 168, na kwa kila saa tukaandika jina la mtu mzima aliye macho ambaye kazi yake kwa saa hiyo ni watoto. Masharti yalikuwa hayo tu: mtu mzima, yuko macho, na anajua kwamba saa hiyo ni yake. "Tutaona" na "kuna mtu atakuwepo" hatukuziandika.

Baba alidhani ingechukua dakika kumi. Tulikaa hadi chakula cha usiku.

Makabidhiano ya asubuhi ndiyo yaliyoonekana kwanza. Zamu ya mama inaisha saa 1:30 kwenye karatasi ya hospitali, lakini makabidhiano ya wagonjwa, foleni ya daladala na mwenzake anayechelewa huisogeza hadi saa 3, pengine saa 4. Baba akiwa na kazi anaondoka saa 11. Kuna saa nne au tano pale katikati ambazo kila mzazi aliamini ni za mwenzake. Dada alipokuwepo zilikuwa zake bila mtu kusema, na ndiyo maana hazikuonekana mpaka alipoondoka.

Zikafuata siku za meli. Zamani Tanga meli kubwa zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwenye matishari na kuvutwa mpaka gatini. Baada ya serikali kuchimba na kuimarisha gati mbili, kina kikafika mita 13, meli zinafunga gatini zenyewe na kazi bandarini imeongezeka. Ni neema kwa mji wetu, na kwa baba huyu ni mkate wa watoto wake. Ila meli haifuati ratiba ya malezi. Kuna wiki anakaa nyumbani siku tatu, kuna wiki anatoka alfajiri na kurudi usiku. Familia ilikuwa inapanga maisha yake kwa kuangalia ratiba ya mama peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa. Ya baba haikuandikwa popote, kwa hiyo ikawa haimo hesabuni, na kila meli ikawa dharura mpya.

Shimo kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa mahali ambapo wote watatu waliandika jina bila kusita: mchana wa baada ya zamu ya usiku. Wote waliandika "mama". Yupo nyumbani, sivyo? Nikauliza, yuko macho? Kimya. Mtu aliyefanya kazi saa kumi usiku kucha anarudi saa 3 asubuhi, anamnyonyesha mdogo, anamwogesha mkubwa, anaweka maharage jikoni, na kwa kuwa "mama amerudi", dada anatumwa sokoni Makorora, anafua, anachota maji. Baba anapiga simu kuuliza kama mtoto amekunywa dawa. Mwenye nyumba anagonga kudai bili ya maji. Mama analala saa moja na nusu, anaamka, analala dakika arobaini. Usingizi wa mchana wenyewe ni mwepesi, kwa kuwa mwili unaamshwa na mwanga na joto, na bati la Mikanjuni mwezi Februari halisamehe. Saa 3:30 usiku anarudi wodini.

Tulizihesabu zile siku kwa mwezi mmoja uliopita tukiwa na ratiba yake mkononi. Hospitali ilikuwa imezitawanya: usiku mmoja, asubuhi mbili, usiku mmoja, mapumziko, usiku mwingine. Kila usiku ulikuwa unazaa mchana ambao kwenye akili ya familia ulikuwa wa malezi na kwenye mwili wa mama ulikuwa wa usingizi. Hakupata kimoja wala kingine. Baba aliitazama karatasi muda mrefu, akasema, "Kumbe mimi ndiye ninayelala hapa nyumbani." Alisema kwa uchungu, na namheshimu kwa kulisema mbele ya mama yake.

Halafu kuna vitu ambavyo havikai kwenye saa. Nani anajua LUKU imebaki yuniti ngapi? Nani anajua gesi inakaribia kuisha, kliniki ya mtoto ni lini, kadi yake iko wapi, viatu vya mkubwa vimembana? Kila swali jibu lilikuwa mama. Baba ni mtu wa msaada, naomba hilo lieleweke. Ukimtuma anakwenda, ukimwambia nunua ananunua. Lakini anayetuma ndiye anayekumbuka, na kukumbuka hakumpi mtu likizo hata akiwa zamuni na mgonjwa anayehitaji sindano saa 8 usiku. Mama aliniambia kwamba siku hizi anasoma kadi ya mgonjwa mara tatu kabla ya kutoa dawa, kwa sababu haamini tena macho yake.

Kuhusu dada aliyeondoka

Nataka kukaa kidogo hapa, kwa sababu ndipo nyumba nyingi zinapojidanganya.

Yule dada alikuwa na miaka 16. Sheria yetu inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inamkataza aliye chini ya 18 kufanya kazi yenye hatari. Sasa tazama kazi aliyopewa. Aliamka saa 11 alfajiri. Alipika, alifua, alichota maji, alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Usiku alilala chumba cha watoto na ndiye aliyeamka mdogo akilia mama akiwa zamuni. Jumapili ilikuwa kama Jumatatu. Alilipwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na mara nyingi kwa mafungu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa kila mfanyakazi, wa nyumbani akiwemo, angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka wakati ule kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Baba aliposikia alisema, "Lakini anakula kwetu, analala kwetu." Nikamwambia kwamba ndiyo sababu kiwango cha anayelala ni nusu ya kile cha asiyelala, chakula na kitanda vimeshahesabiwa.

Mama yake dada aliumwa kweli, nilithibitisha. Hata hivyo angeondoka tu, kwa simu hiyo au nyingine, kama walivyoondoka wawili waliomtangulia. Mtoto mwenyewe aliyechoka anawalea watoto wa mama aliyechoka, na wote wawili wanasubiri mmoja wao aanguke. Bibi alilisikiliza hili kwa makini kuliko mwanawe. Alinyamaza, kisha akasema kwamba katika ule ulezi wake wa watoto wanane walikuwepo mawifi wawili, mama mkwe na mabinti wakubwa, na hakumbuki siku aliyokuwa peke yake na watoto hadi jua likazama. Alikuwa ameisahau mikono ile kwa sababu haikulipwa na haikuandikwa.

Haki ambazo hazikuombwa

Mama alirudi kazini baada ya likizo ya uzazi ya siku 84, kama sheria inavyotaka kwa mtoto mmoja (wakiwa pacha au zaidi ni siku 100). Siku 84 ni wiki 12. Ushauri wa afya, unaobandikwa kwenye kuta za kliniki zote, ni kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Kati ya wiki ya 12 na mwezi wa sita kuna miezi mitatu, na daraja ambalo sheria imeweka hapo ni moja: mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili za kazi kwa siku kumnyonyesha mtoto. Kazini kwake hakuna aliyemnyima. Hakuna aliyemwambia pia, na yeye hakuomba, kwa sababu wodi ina watu wachache na aliona aibu kuwaachia wenzake mzigo. Kwa hiyo kile kilichokuwa haki ya mtoto kiligeuka kuwa zawadi ya kimya kwa hospitali.

Sheria hiyo hiyo inampa mwajiriwa angalau siku 4 zenye malipo anapouguliwa na mtoto wake. Mama alipolazwa na mwanawe alikata siku hizo kwenye likizo yake ya mwaka. Baba hakuomba chochote, akiamini wa mkataba mfupi hana haki ya likizo. Kwa kawaida aliye chini ya miezi sita kazini kweli hana. Lakini sheria inasema pia kwamba aliyefanya kazi kwa mwajiri yule yule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na jumla ikavuka miezi sita, anastahili. Mikataba yake mitatu ya mwaka ule ilifika miezi tisa. Alistahili zile siku 4, kama alivyostahili siku 3 za baba mtoto alipozaliwa.

Mwaka 2021 nchi yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na ndani yake kuna mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali. Naiheshimu kazi hiyo. Ninachoongeza kutokana na kisa hiki ni kwamba malezi yenye mwitikio, yaani mtoto akilia aitikiwe, akicheka achekewe, yanamhitaji mtu mzima aliyelala. Tukiwafundisha wazazi bila kugusa ratiba za kazi zao, tunamwongezea mama somo jingine la kujilaumu nalo.

Hali ya mama mwenyewe

Nilisema nitalirudia. Mama huyu hakugombana na mtu. Alikuwa anajibu "sawa" kwa kila kitu. Hata usiku ambao bibi alichukua watoto wote wawili na kumwambia alale, hakulala. Alikaa kitandani akisikiliza. Chakula kilikuwa hakina ladha. Simu ikiita, hata ikiwa ya dada yake, moyo ulikuwa unapiga. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba watoto wangekuwa na heri kama wangekuwa na mama mwingine.

Bibi alisema ni uchovu. Uchovu unaondoka mtu akilala, na huyu alikuwa amepoteza hata uwezo wa kulala, kwa zaidi ya wiki mbili. Hiyo ni alama ya sonona, inayoweza kumpata mama wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, na ina matibabu. Nilimwambia hivyo bila kuzunguka. Alikataa kwenda kuonana na mtu hospitalini kwake, akiogopa wenzake wangemsema, na namwelewa. Alikwenda kituo kingine cha afya, baba akimsindikiza. Akapata wa kuzungumza naye, akarudi tena, na tena. Ingekuwa tumeishia kupanga ratiba na kuliacha hili, ninaamini tungepoteza kila kitu.

Kwa wasomaji wenye mke, dada au binti wa hali hiyo: neno "heri wangekuwa na mama mwingine" usilijibu kwa kumtia moyo tu. Mpeleke kituo cha afya, wiki hiyo hiyo.

Walichobadili

Suala la kuacha kazi lilimalizwa na hesabu. Mshahara wa mama ndio wa uhakika. Wa baba unafuata meli. Akiacha, kodi inalipwa kwa kubahatisha. Bibi mwenyewe, mbondei wa mashamba anayejua maana ya pato la kuaminika, ndiye aliyelifunga.

Mama aliandika barua, na nilisisitiza iwe barua, akiomba mambo mawili: saa zake mbili za kunyonyesha, na zamu zake za usiku zikusanywe ziwe mfululizo wiki moja badala ya kutawanywa mwezi mzima. La pili lilikubaliwa haraka kuliko tulivyotarajia, kwa sababu halikuigharimu hospitali kitu. Hilo ndilo lililobadili maisha ya nyumba kuliko jingine lolote. Wiki tatu za mwezi zikawa na usiku wa kawaida, na wiki moja ngumu ikajulikana mapema.

Wiki hiyo ni ya bibi. Awali alikuwa anaombwa "aje akipata nafasi", na akija hajui anaondoka lini, huku shamba linaota majani. Sasa anaitwa kwa tarehe. Nauli yake inatumwa kabla, ana chumba chake, na Jumamosi anarudi Muheza bila kuaga kwa kujieleza. Mchana wa wiki hiyo watoto ni wake, mlango wa chumba cha mama umefungwa, pazia ni zito, simu ya mama iko kwa bibi. Walikorofishana mara mbili kuhusu kumpa mtoto dawa za asili za tumbo. Mama alishikilia msimamo kama muuguzi, bibi akanuna siku nzima, yakaisha.

Dada mpya ni mama mtu mzima wa Mabawa, anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni. Wanamlipa 120,000 tarehe moja kila mwezi, Jumapili hayupo, na makubaliano yameandikwa na kusainiwa na wote. Binti mkubwa ameandikishwa kituo cha kulelea watoto mchana. Hapa baba alifanya kazi nzuri: alitembelea vituo vitatu bila kutoa taarifa, saa ya chakula. Kimoja kilikuwa na kuta zenye michoro ya kupendeza na choo kimoja bila maji. Kingine hakikuweza kuonyesha usajili, ambao Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaka. Walichochagua hakina michoro. Kina uzio, cheti ukutani, mikeka safi ya kulalia, na daftari ambalo anayemchukua mtoto anasaini.

Saa za alfajiri zimepewa jirani yule yule wa chapati, lakini safari hii kwa malipo. Anapewa kiasi cha kila mwezi kwa kuwa tayari, aitwe asiitwe, na siku ya kuitwa anafungua biashara yake saa 3. Baba aliona ni ajabu kumlipa mtu kwa siku ambazo hakuitwa. Nilimweleza kwamba jirani akiwa na hiari ya kukataa kila alfajiri, basi saa ile bado haina mwenyewe. Na binti wa jirani anakwenda shule.

LUKU, gesi na kliniki ni za baba. Anapaswa kuzikumbuka yeye, bila kutumwa. Mwezi wa kwanza gesi iliisha katikati ya wali, na mama, kwa maelekezo yangu ambayo yalimwia magumu, hakuingilia. Baba alikimbia dukani mwenyewe. Haijaisha tena ghafla. Bandarini alizungumza na kiongozi wa gangi lake, na sasa anapata taarifa ya meli jioni kabla ya kulala. Yule kiongozi naye ana watoto wadogo.

Gharama zimepanda zaidi ya mara tatu ya zile 40,000. Wamesimamisha ujenzi wa kiwanja chao cha Mwahako kwa mwaka mmoja. Msingi upo, tofali zimepangwa chini ya turubai. Kwa baba huu ulikuwa uamuzi mzito kuliko wote, kwa sababu Tanga mwanamume wa umri wake anaulizwa habari za nyumba kabla ya kuulizwa habari za watoto. Nadhani aliamua vyema. Tofali zitasubiri.

Ambacho hakijakaa sawa

Zile saa mbili za kunyonyesha zilikubaliwa kwa maandishi, lakini wodini anapata moja, na siku za wagonjwa wengi hapati kabisa. Ameanza kuandika kwenye daftari kila siku anayokosa, ili azungumze na uongozi akiwa na kitu mkononi. Maziwa sasa anayakamua asubuhi kabla ya kutoka, yananywewa kwa kikombe mchana ule ule, na mtoto anakula uji na viazi vilivyopondwa na dagaa waliosagwa, hivyo presha imepungua.

Kituo cha watoto hakimpokei mkubwa akiwa na homa, na ni sahihi kisimpokee. Siku hizo bado ni ubishi wa nani akose kazi. Wamekubaliana zile siku 4 za kila mmoja zitumike kwa kupokezana, na baba aanze, lakini mkataba wake mpya haujasainiwa na anaogopa kuomba ruhusa kabla ya saini.

Mama analala. Kwenye kituo cha afya bado anahudhuria.

Linalowaumiza kichwa kwa sasa ni masika. Mvua zikianza Machi bibi atapanda mahindi, na ameshasema wazi kwamba Aprili hatatoka Muheza. Wiki ya usiku ya Aprili imeandikwa kwenye karatasi ukutani bila jina. Baba ameahidi kwenda Pangani Jumapili hii kuzungumza na shangazi yake, akiwa na nauli na kiasi cha malipo mfukoni.